Maneno Kumi na Tano: Kisa cha Mtoto Wetu na Lugha Zake Guangzhou

Julai 2024, katika chumba cha daktari wa watoto mjini Guangzhou, kusini mwa China, niliulizwa swali moja kupitia simu inayotafsiri: mtoto anasema maneno mangapi? Nikayahesabu kwa vidole. Mama, baba, maji, toka, nyonyo, paka, gari... nikafika 15. Daktari akaandika 15. Mwanangu alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja, amekaa mapajani mwangu anavuta kamba ya mkoba, na muda wote huo alikuwa anarudiarudia neno moja ambalo sikulihesabu, kwa kuwa sikujua kama ni neno.

Kisa chote kiko kwenye neno hilo. Nakieleza kwa marefu kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaolea ugenini, hasa sisi wa Kiswahili tulio Guangzhou, Foshan na Yiwu. Nimeshakutana na akina mama watatu walioshauriwa nilivyoshauriwa mimi, kwamba waache kusema Kiswahili na mtoto. Mtoto wa mmoja wao leo hawezi kumwamkia bibi yake.

Nyumba yetu

Mume wangu yuko kwenye mizigo. Anapokea bidhaa za wafanyabiashara wa Kariakoo, anazikusanya stoo, anazipakia kwenye kontena kwenda Dar. Shughuli zake nyingi ziko Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, mtaa ambao Waafrika wamefanyia biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukishuka metro pale utasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na Kiarabu kabla hujafika barabarani. Mimi na mtoto tulimfuata Machi 2023, miezi miwili baada ya China kufuta karantini kwa wasafiri. Mtoto alikuwa na miezi 9. Tuliingia kwa viza ya S1, ile ya familia ya mwenye kibali cha kazi, tukajiandikisha polisi ndani ya saa 24 kama sheria inavyotaka, na kabla ya siku 30 kwisha tukaomba kibali cha ukaazi. Hayo yalikwenda salama, siyarefushi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, nimefundisha Tanga miaka sita. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma: nilikuwa na elimu ya kutosha kuliona tatizo lilipo, na bado sikuliona.

Oktoba 2023, msimu wa Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara hapa Guangzhou, wateja walipofurika nikaanza kumsaidia mume wangu kazi za ofisi, tukatafuta ayi. Neno hilo kwa Kichina ni mama mdogo, dada wa mama. Ndivyo wanavyomwita mwanamke yeyote aliyefikia umri huo, na ndivyo wanavyomwita msaidizi wa nyumbani. Tulimpata mama mtu mzima kutoka mkoa wa Hunan, mwenye wajukuu wake kijijini. Yeye naye huniita kwa jina la mtoto na kuongeza “mama” nyuma yake. Ni “Mama Fulani” yetu hasa, ila kwao mama hukaa mwisho. Tangu siku ya kwanza nilijisikia nimeheshimiwa.

Sasa tazama saa za mtoto. Ayi aliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Baba yake alirudi saa tatu usiku, mara nyingi mtoto akiwa kitandani. Nami nilikuwa na asubuhi moja fupi, jioni moja fupi, na Jumapili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale aliyoyaishi mwanangu akiwa macho, kula, kuoga mchana, kushuka kwenye bembea za chini ya jengo, kutazama mabasi, aliyaishi kwa Kichina, na mimi sikuwepo.

Mwili wake haukuwa na shida. Alitembea akiwa na miezi 11. Ukimwambia “leta viatu” analeta. Ayi akimwambia hilohilo kwa Kichina, analeta. Lakini kinywani hayakutoka mengi, au ndivyo tulivyoona. Juni 2024 tulimpeleka kuonekana kwenye kituo kimoja cha malezi, kile wanachokiita *tuoban*, cha watoto wa miaka miwili hadi mitatu ambao bado hawajafikia umri wa chekechea. Mwalimu alikaa naye dakika 20, akatuambia kwa upole kwamba mtoto hasemi, tumwone daktari kabla ya Septemba.

Tanga nako habari zilifika. Mama yangu alimwangalia mjukuu wake kwenye simu, huku ikiwa saa mbili usiku na kwao saa tisa alasiri, akasema aangaliwe chini ya ulimi, huenda umefungwa. Shangazi yake mtoto akasema kuna mtaalamu wa kukata. Nashukuru Mungu tulikuwa mbali, maana mtu akichanganyikiwa hukubali chochote.

Wiki tatu za Kichina

Daktari hakuwa mkali. Aliangalia mdomo, akaona ulimi uko huru. Akauliza nyumbani tunasema lugha gani. Nikajibu: Kiswahili mimi, Kiswahili na Kiingereza kidogo baba yake, Kichina ayi. Akatikisa kichwa. Simu ikanitafsiria: lugha tatu ni nyingi kwa mtoto mdogo, zinamchanganya, chagueni moja, mnaishi China, basi iwe Kichina, hizo nyingine zisubiri hadi atimize miaka mitatu.

Tukatii. Mgeni hutii upesi anapoambiwa na mwenyeji aliyevaa koti jeupe.

Kichina changu ni cha sokoni. Najua bei gani, punguza, rangi hii, katoni ngapi, kesho asubuhi. Kwa mtoto nilikuwa na kula, lala, njoo, usifanye, vizuri. Basi ndiyo yakawa maongezi yetu. Jioni nikimwogesha nilikuwa na kawaida ya kumtajia viungo, hapa goti, hapa kisigino, hapa kitovu cha nani, na yeye huinua mguu kabla sijafika. Wiki ile ya kwanza nilimmwagia maji kimya. Aliinua mguu mwenyewe, akaushikilia juu, akanitazama usoni akingoja. Sikuwa na neno la kisigino kwa Kichina. Nikaushusha mguu, nikamfunga taulo.

Hiyo ndiyo picha ambayo haijanitoka hadi leo.

Wiki ya pili akaanza kulia kulala. Wiki ya tatu nikagundua kwamba hata mimi na mume wangu tumeacha kuongea mbele yake, tunanong'ona jikoni kama watu wenye jambo la aibu. Maneno mapya kutoka kwake hayakuja. Yaliyokuja ni kuvuta nguo na kuelekeza kidole, kwani naye alikwishaona kwamba mama hana maneno.

Lailai

Jumatatu moja mvua ilinyesha sana, ayi akachelewa. Mtoto alisimama mbele ya friji akisema “lailai, lailai”. Ndilo lile neno la kwa daktari. *Lai* kwa Kichina nilichokijua mimi ni “njoo”, kwa hiyo nikaenda. Akanisukuma. “Lailai!” Nikasogea karibu zaidi, nikachuchumaa. Akajitupa chini akalia kwa hasira ya mtu ambaye ameshasema mara kumi.

Ayi akaingia na mwavuli wake unachuruzika, akasikia, akasema “lailai, o, lailai”, akafungua friji, akamimina maziwa kikombeni. Kilio kikakatika palepale.

Nikamwuliza. Akanionyesha pakiti. Nikaipiga picha herufi ile kwa simu. Sauti ya simu ikasoma *nai*, maziwa. Ayi akaisoma: *lai*. Simu: *nai*. Ayi: *lai*. Watu wengi wa Hunan, kama ilivyo kwa wengi wa kusini mwa China, hawatenganishi N na L, sawa na wenzetu wa baadhi ya makabila wanaochanganya R na L, ukasikia “kura” na “kula” zikitoka kwa sauti moja. Watu wazima humwambia mtoto *nainai* kwa maziwa, kama sisi tunavyosema nyonyo. Mwanangu alijifunza maziwa kwa mwalimu wake wa Hunan, na alilitamka neno lile bila kosa lolote, vilevile alivyofundishwa.

Nilikaa sakafuni pale jikoni. Kwa miezi mingapi mtoto huyu alikuwa anazungumza nami, nami naandikisha kwa daktari kwamba hasemi?

Daftari

Siku hiyohiyo nilinunua daftari nikalifunga kwa kamba kwenye mpini wa friji. Kwa wiki mbili, kila aliyemsikia mtoto akisema kitu chenye maana ileile zaidi ya mara moja alikiandika: mimi kwa Kiswahili, ayi kwa herufi zake, mume wangu chochote. Usiku nilikaa na simu kuzisoma herufi za ayi. Kiswahili kilitoka maneno 24. Kichina 31. Kiingereza 3, yote ya kwenye katuni. Jumla 58, lakini *baba* na *mama* yalikuwa yameandikwa mara mbili, maana Wachina na sisi tunawaita wazazi kwa maneno yaleyale. Ukiyatoa yanabaki 56. Katika hayo, vitu tisa alikuwa na jina mara mbili, maji na *shui*, gari na *che*, na kadhalika. Kwa hiyo mambo aliyokuwa na uwezo wa kuyataja yalikuwa 47.

Linganisha na 15 nilizompa daktari.

Kipimo ambacho walimu na wauguzi wengi hukitumia ni maneno 50 hivi kwenye miaka miwili, na mtoto awe ameanza kuunganisha mawili. Mwaka 2022 kituo cha CDC cha Marekani, kile cha kudhibiti magonjwa, kilipopitia upya orodha yake ya hatua za ukuaji wa watoto kiliyaweka maneno 50 kwenye miezi 30, na kuunganisha maneno mawili kwenye miaka miwili. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, mwanangu mwenye 56 hakuwa mtoto asiyesema. Na hesabu ya kujumlisha si ya mama mwenye huruma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 juu ya watoto wa Miami wenye miezi 8 hadi 30, wanaokua na Kiingereza na Kihispania, ulionyesha kwamba ukiwapima kwa lugha moja tu wengi huonekana nyuma, na ukijumlisha lugha zote mbili hawatofautiki na wenzao wa lugha moja. Daktari wetu alipima lugha moja, na hiyo moja aliipima kupitia kwangu.

Kuna makosa mawili ya kusikiliza ambayo daftari liliyafichua, na kwangu yana uzito kuliko hesabu yenyewe.

La kwanza ni *baobao*. Ayi humwita mtoto *baobao*, “kipenzi, mtoto mchanga”, na mtoto alikuwa analisema kutwa nzima. Mimi nilidhani anajiita jina. Kwenye daftari ayi aliliandika mara mbili, kwa herufi mbili tofauti. Kwa sauti inayoanza chini ni kipenzi. Kwa sauti inayoshuka ghafla ni “nibebe”. Sikio langu la Kitanga halikuwa limeshika tofauti hiyo. Mara ngapi aliniomba nimbebe nikamjibu kwa tabasamu, “Ndiyo, wewe ndiye baobao”?

La pili ni la Kiswahili chetu wenyewe, na hapa sina wa kumsingizia. Niliandika neno “taka” mara moja. Mume wangu ndiye aliyeligundua: mtoto anasema *taka* na anasema *taki*. Mimi nilichukulia kwamba ulimi unateleza. Tukamjaribu kwa ndizi na kwa dawa ya kikohozi. Ndizi: “taka”. Dawa: “taki!” huku anafunika mdomo. Nataka, sitaki. Alikuwa ameangusha kiambishi cha mbele, kama watafiti waliofuatilia watoto wa Nairobi walivyokuta watoto wa Kiswahili wakifanya katika umri huo, lakini irabu ya mwisho, ambayo nayo hubeba ukanushi, alikuwa ameikamata barabara. Kile kipimo cha “kuunganisha maneno mawili” kinaikuta lugha yetu pabaya. Mtoto wa Kiingereza atahitaji maneno mawili kusema “sitaki”. Wetu analisema kwa kubadili irabu moja, na asiyejua Kiswahili ataandika kwamba hajaunganisha kitu. Mwalimu wa Kiswahili akiandika hivyo, kama nilivyoandika mimi, ni jambo la kusikitisha.

Na kuunganisha alikuwa anaunganisha. Ayi alikuwa ameandika, na alama ya kuuliza pembeni: “*taka che*”. Kwake nusu ya sentensi ilikuwa kelele. Kwangu ingekuwa nusu nyingine. Nataka gari.

Sikio, kabla ya yote

Hapa nataka nieleweke vizuri. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto, lakini hazimkingi pia. Mtoto wa lugha tatu anaweza kuwa na tatizo la kusikia au la usemi kama mtoto mwingine yeyote, na kosa la kusema “ni lugha tu, atazungumza” ni kubwa kama kosa la kukatiwa lugha. Asiyegeuka anapoitwa, asiyeonyesha kitu kwa kidole, aliyekuwa na maneno yakapotea, huyo hana haja ya daftari langu kwanza. Ana haja ya hospitali, tena mapema. Sisi wenyewe hatukuishia kwenye friji. Agosti tulikwenda hospitali nyingine, akapimwa masikio kwa mashine, yote mawili mazima. Daktari wa huko alinishangaza kwa swali lake la kwanza: nani anamwambia nini, saa ngapi? Nikamfungulia daftari. Alilisoma kurasa zote, akacheka kwa furaha alipofika kwenye *lai*, akamwuliza ayi anatoka wilaya gani ya Hunan.

Hakutuambia tuache lugha yoyote. Alitaka kila mtu amwambie mtoto kwa lugha anayoimudu kwa undani, amwambie mengi, na turudi baada ya miezi sita.

Tulichobadilisha ni kidogo. Kiswahili kilirudi jioni ileile, na goti na kisigino vikarudi bafuni. Mimi niliacha ofisi siku mbili kwa wiki, na hilo lilitugharimu, maana mzigo hausubiri. Mume wangu aliacha Kiingereza. Alikuwa anakisema kwa hofu ya shule ya baadaye, kwa sentensi tatu zilezile, na mtoto hakuwa anapata chochote cha kushika. Ayi nilimwomba afanye kilekile alichokuwa anafanya, kwa sababu ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya maneno ya mwanangu yalitoka kwake. Nilimwambia hivyo kwa simu ya kutafsiri, na alipoisoma alifuta macho kwa kona ya aproni. Tangu mwalimu wa *tuoban* aseme mtoto hasemi, alikuwa anaamini analaumiwa yeye.

Septemba mtoto alianza *tuoban*. Tuliwapa walimu karatasi moja yenye maneno yake ya Kiswahili kwa matamshi ya Kichina: maji, kojo, taka, taki, nyonyo, bibi. Mwalimu aliibandika ukutani juu ya makabati ya viatu. Wiki ya pili alinitumia sauti: watoto wanne wa Kichina wanamfuata mwanangu wakisema “maji, maji”.

Mama yangu Tanga bado anauliza kuhusu ulimi. Namwekea mtoto simu, naye husema “bibi” na kumwonyesha kikombe.

Oktoba 2024, mtoto ana miezi 28, tulikuwa tunapanda ngazi za metro Xiaobei, mimi, ayi na yeye katikati. Kwenye ngazi ya kumi hivi akasimama, akainua mikono, akasema kwa sauti kubwa: “Nibaobao!”

Nilisimama kabisa, watu wakanipita. Kiambishi kile cha mbele, kile alichokuwa anakiangusha, kimerudi, na kimekaa mahali pake: ni-bebe, ni-pe, *ni-baobao*. Nikamwambia ayi kwa Kichina changu kibovu kwamba hiki ni Kiswahili, hiyo *ni* ni mimi. Ayi akakataa. *Ni* ni “wewe”, akasema, akinigusa kifua kwa kidole: *ni baobao*, wewe mbebe. Ni Kichina safi kabisa. Tukabishana palepale, kila mmoja na lugha yake, na mtoto kati yetu mikono bado iko juu, hadi tukainama wote wawili kwa pamoja.